Siku 50 kati ya Pasaka na Pentekoste: nimeruka siku moja, je nimeharibu kila kitu?

"Shalom mwalimu. Kwaresima yote nilifunga vizuri, nikaomba, Pasaka ilipofika nilikuwa juu kabisa kiroho. Haikupita wiki nikakauka, Biblia sisomi, kuomba ni kwa kujilazimisha. Rafiki yangu akaniunga kwenye grupu ya maombi ya siku 50 kwenda Pentekoste, wanasema hata Wayahudi wanazihesabu hizi siku. Masharti ni kufunga kila siku mpaka jioni, kutoa malimbuko kila siku, na ukiruka siku moja unaanza upya maana mlango umefungwa. Mimi natumia vidonge vya presha na nina watoto wadogo wawili. Siku ya 12 mmoja aliumwa usiku nikasahau kila kitu, na tangu hapo nina hofu. Je nimeharibu? Na hizi siku maana yake hasa ni nini, mbona kanisani kwetu Pasaka ikipita hazitajwi kabisa?"

Shalom dada yangu, na pole kwa kuuguza, naamini mtoto kashapona. Nianze na lile linalokunyima usingizi: hujaharibu kitu. Hakuna mlango uliofungwa siku ya 12, na hakuna andiko hata moja, sio Agano la Kale wala Jipya, linalosema ukiruka siku unaanza upya. Hilo sharti mtu kalitunga. Inawezekana kalitunga kwa nia njema tu, watu wasilegee, lakini kulitunga kalitunga.

Nikikusoma vizuri una maswali matatu yamejifunga fundo moja: mbona nimekauka baada ya sikukuu, hizi siku zina maana gani, na haya masharti ni ya Mungu au ya watu. Nitalianza la katikati maana ukilielewa hilo, mengine mawili yanalegea yenyewe.

Hizi siku zilianzia shambani. Fungua Lawi 23 kuanzia mstari wa 9, utakuta Waisraeli wanaambiwa mkiingia kwenye nchi yenu mkavuna, mganda wa kwanza mpelekeeni kuhani autikise mbele za Bwana, alafu kuanzia hapo mhesabu Sabato saba kamili, na siku ya 50 mlete sadaka mpya. Ule mganda ulikuwa wa shayiri, kwa sababu kule shayiri ndio inatangulia kuiva, majira ya Pasaka, ngano inakuja wiki kadhaa baadaye. Ndio maana ukisoma Ruthu, Naomi na mkwewe wanafika Bethlehemu mavuno ya shayiri ndo yanaanza, na Ruthu anaendelea kuokota masazo mpaka ya ngano yanaisha. Ni majira yale yale unayouliza wewe, na Wayahudi mpaka leo wengi wao kitabu cha Ruthu wanakisoma kwenye Pentekoste yao, ambayo wenyewe wanaiita Shavuoti, yaani Majuma.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya yule mkulima. Kashaonja kidogo, shayiri imeingia ndani, lakini ngano yenyewe bado imesimama shambani na lolote laweza kutokea. Hawezi kuivuta iive haraka. Hawezi pia kulala tu, kuna mashina ya kupita kila siku. Hapo katikati, kati ya kilichoshaingia ghalani na ambacho bado kinaiva, ndipo hizi siku zilipokaa, na watu wengi wanaozitangaza kama kampeni ya kufungua milango hawajawahi kukaa hapo hata dakika tano.

Alafu angalia mikate. Pasaka inaliwa mikate isiyochachwa, chachu inatolewa nyumbani yote. Siku ya 50 sasa, mstari wa 17, sadaka ni mikate miwili ya unga mwembamba iliyookwa NA chachu. Yaani kilichoanza na mganda mbichi wa shayiri kinamalizika na mkate wa ngano ulioumuka. Na unga kuumuka huwezi kuuharakisha, unaufunika unauacha ufanye kazi yake, wewe unaendelea na mengine. Mimi hiyo picha ya unga uliofunikwa ndio naipenda kuliko zote kwenye kipindi hiki.

Kuna kitu kingine ambacho kwenye Biblia zetu za Kiswahili kimejificha kidogo. Ule mganda wa Lawi 23 kwa Kiebrania unaitwa omeri, ndio maana Wayahudi wanasema wanahesabu omeri. Neno hilo hilo liko Kutoka 16 kwenye habari za mana, ila pale limetafsiriwa pishi: kila mtu akusanye pishi moja kwa kichwa, kwa siku. Pishi moja ya leo. Walioweka akiba ya kesho asubuhi walikuta imeingia mabuu na inanuka. Na hii mana ilianza kushuka lini? Kutoka 16 inasema walikuwa mwezi wa pili, siku ya 15, mwezi mmoja kamili tangu watoke Misri, yaani katikati ya safari ya kutoka Pasaka kwenda Sinai. Kwa hiyo ile uliyoipata Pasaka, ile ya kuwa juu kabisa, ilikuwa pishi ya siku ile. Huwezi kuila wiki ya pili. Ukijaribu utaona inanuka, na utadhani imani yako ndio imeoza kumbe ni chakula cha juzi.

Tukiwa hapo hapo kwenye kukauka kwako. Watu wanadhani ukavu baada ya sikukuu ni shetani au ni dhambi imejificha mahali. Inaweza kuwa hivyo kwa mtu fulani, sikatai. Lakini mara nyingi ni jambo la kawaida kabisa la mwili na roho. Siku 40 umeishi na ratiba, una lengo, una tarehe mbele yako, kanisa zima liko na wewe, nyimbo zinabadilika, ibada zinaongezeka, alafu Jumapili moja linafika shangwe lote na Jumatatu hakuna kitu. Hakuna anayekwambia leo tunafanya nini. Kilichokuwa kinakubeba kimeondoka, ukabaki na miguu yako, na miguu ilikuwa imechoka. Waisraeli walivuka bahari wakaimba na matari, siku tatu mbele wako Mara wananung'unikia maji machungu. Siku tatu! Wewe ulifikisha karibu wiki, umewazidi.

Petro naye. Hebu soma Yohana 21 polepole. Huyu mtu kaona kaburi tupu, kamuona Bwana mwenyewe kafufuka, ushahidi gani tena, na bado jioni moja anawaambia wenzake naenda kuvua samaki. Wakamfuata, wanafunzi saba kwa jumla. Karudi kwenye kazi aliyoijua kabla hajaitwa, kwa sababu mtu akiwa hajui afanye nini anarudi kwenye kile mikono yake inakijua. Wakakesha wasipate kitu. Asubuhi Yesu yuko ufukweni, kawasha makaa, kuna samaki juu yake na mkate, na hakuwauliza kwanini wamelegea, hakuwaambia mmevunja mnyororo anzeni upya, aliwaambia njoni mfungue kinywa. Maswali magumu kwa Petro yalikuja baadaye, wameshakula. Hii ilitokea ndani ya hizi hizi siku 50. Kwa hiyo ukiniuliza ukavu wako uko wapi kwenye hiki kipindi, nitakujibu uko ndani yake, ni sehemu yake, walioupitia wa kwanza ni mitume.

Maana ya hizi siku basi mimi naielewa hivi. Kutoka Misri ilikuwa usiku mmoja. Kujifunza kuishi kama mtu asiye mtumwa ndio kukachukua wiki saba, na mana, na maji, na kugombana, na Yethro kuja kumwambia Musa wewe kazi hii unaifanya vibaya utajichosha bure, ndipo mwezi wa tatu wakafika chini ya mlima. (Biblia yenyewe haisemi kwamba Torati ilitolewa siku ya 50 kamili, hiyo hesabu ni mapokeo ya walimu wa Kiyahudi, ila mwezi wa tatu upo wazi kwenye Kutoka 19.) Sikukuu ya kwanza inakupa uhuru, ya pili inakupa cha kufanya nao, Torati kwa wale, Roho Mtakatifu kwa kanisa. Katikati ni siku za kujifunza kutembea. Na mtoto anayejifunza kutembea akianguka hatumrudishi tumboni.

Ndio maana hata namna ya kuhesabu ina fundisho. Sisi tukisubiri kitu tunahesabu kushuka, zimebaki 20, zimebaki 19. Wayahudi wanahesabu kupanda. Giza likiingia, mtu anasimama, anasema baraka fupi, alafu anatamka: leo ni siku ya 12, ambazo ni wiki moja na siku tano. Basi, amemaliza, haichukui hata dakika moja. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, shayiri ya kupeleka kwa kuhani haipo tena, lakini kuhesabu kulibaki. Hesabu ya kushuka inaiona leo kama kizuizi kati yako na unachotaka. Hesabu ya kupanda inaiongeza leo juu ya jana, hata kama leo yenyewe ilikuwa mbovu.

Na kwa sababu grupu lako limewataja Wayahudi, ngoja nikwambie Wayahudi wenyewe wanafanyaje mtu akisahau, maana hilo swali wamelijadili karne nyingi kabla yetu. Ukisahau usiku ukakumbuka mchana wake, unahesabu tu bila ile baraka, usiku unaofuata unaendelea kama kawaida na baraka yako. Ukiruka siku nzima, desturi yao iliyoenea ni kwamba unaendelea kuhesabu siku zote zilizobaki, ila bila kusema baraka. Hakuna anayeanza upya, na hata ungetaka usingeweza, kwa sababu siku ya 13 ni ya 13 kwa watu wote, sio yako peke yako. Mwaka wa kwanza mimi kujaribu nilipotea siku ya 9, nikakaa na aibu kama wewe, mzee mmoja aliyenifundisha akacheka akaniuliza, kwani jua nalo limerudi siku ya kwanza?

Kuna na hili. Wayahudi wa mapokeo ya kiroho ya ndani, yanayoitwa Kabala, kila wiki kati ya zile saba wameipa sifa yake ya moyo, na kila siku ndani ya wiki pia. Siku ya 12 inaangukia wiki ya nidhamu, na ndani yake siku ambayo wengi wanaielezea kama unyenyekevu. Unyenyekevu ndani ya nidhamu. Hayo sio mafundisho ya kanisa na sikwambii uyafuate, ila niliposoma kwamba siku uliyoiruka ni ya 12, na umeiruka ukiwa macho na mtoto mgonjwa, nilitabasamu.

Sasa kufunga. Hapa nitasema wazi, hili sharti limepinduliwa kichwa chini. Kanisa la kwanza lilikuwa na kipindi cha kufunga kabla ya Pasaka, lakini siku 50 za baada ya Pasaka zilikuwa za furaha. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, aliandika mwanzoni mwa karne ya 3 kwamba Wakristo wa kwao walihesabu kuwa haifai kufunga wala kupiga magoti siku ya Bwana, na ruhusa hiyo hiyo waliifurahia kuanzia Pasaka mpaka Pentekoste. Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, kanuni ya 20, ukaagiza siku hizo watu wasali wakiwa wamesimama. Wamesimama, kama watu waliofufuliwa. Mpaka leo Wakatoliki wanakiita kipindi kizima Pasaka, mavazi meupe, Aleluya inaimbwa, mshumaa mkubwa wa Pasaka unawashwa kwenye ibada mpaka Pentekoste. Na Bwana mwenyewe alishauliza, walioalikwa arusini watafunga vipi bwana arusi akiwa nao. Simaanishi kufunga siku moja moja kwenye kipindi hiki ni dhambi, wapo wanaofunga na wana sababu zao nzuri. Lakini kumlazimisha mtu afunge siku 50 mfululizo ndio apate Pentekoste ni kumrudisha Kwaresima wakati kaburi lishakuwa tupu. Hili pia linajibu kwa nini kanisani kwenu hamsikii kitu: madhehebu mengi yanajua kujiandaa kwa huzuni, kusherehekea kwa wiki saba hatujazoea, tunaimba Jumapili moja tunarudi kwenye matangazo.

Ukitaka muda wa maombi mazito ndani ya kipindi hiki, upo, na uko mwishoni. Matendo 1 inasema Bwana alionekana kwa siku 40, akawaambia wasitoke Yerusalemu, akapaa. Wakapanda ghorofani, mitume, akina mama, Mariamu mama yake Yesu na ndugu zake, kama watu 120 kwa jumla, wakadumu kwa moyo mmoja katika kusali. Kuanzia Ijumaa baada ya Kupaa mpaka Jumamosi kabla ya Pentekoste ni siku tisa, na novena, yaani maombi ya siku tisa mfululizo, inapata mfano wake hapo. Papa Leo XIII mwaka 1897 aliagiza isaliwe kabla ya Pentekoste kwenye parokia zote za Kikatoliki. Siku tisa mama wa watoto wawili anaziweza. Na ona kwamba hata pale ghorofani hawakuambiwa walipe kitu wala wafanye hesabu ya nani karuka, kazi pekee ya kiutawala waliyoifanya ni kumchagua Mathiya ajaze nafasi ya Yuda.

Ambapo tunafika kwenye malimbuko. Mganda ulikuwa mmoja. Mmoja kwa taifa zima, kwa mwaka, na ulitoka kwenye kilichokwishavunwa. Ukitaka kumtolea Mungu kwa hiari yako, kwenye kanisa lako, au kumpa jirani mwenye njaa (Lawi 23:22, papo hapo baada ya Pentekoste, inasema pembe za shamba msizimalize, muachieni maskini na mgeni), toa kwa furaha. Ila mtu anayetaka malimbuko kila siku mara 50, kwenye namba ya simu, na anakutishia mlango kufungwa, hiyo sio Lawi 23, na mimi ningetoka humo leo. Ongea kwanza na mchungaji au padri wako, au mzee wa kanisa unayemwamini, ana kwa ana, muoneshe hizo mesej. Na kama umeshatoa hela uliyotakiwa ulishe nayo watoto, mwambie hilo pia, usione aibu.

Walimu wa Kiyahudi wanasimulia kwamba ndani ya wiki hizi hizi walikufa wanafunzi 24,000 wa Rabi Akiva, mwalimu wao mkubwa wa zamani, na sababu inayotajwa kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wao, ni kwamba hawakuheshimiana. Ndio maana wengi wao mpaka leo hawafungi ndoa wala kunyoa sehemu ya kipindi hiki. Wasomi wale, wanajua Torati yote. Nafikiria hilo nikisikia grupu la maombi ambalo mama aliyekesha na mgonjwa anaaibishwa.

Kwenye afya nitakuwa mkali kidogo. Mimi ni mwalimu wa Maandiko, sio daktari, kwa hiyo dawa za presha usiache, usipunguze wala usibadili saa za kumeza kwa ajili ya mfungo wowote mpaka umeongea na daktari wako. Kuna dawa za presha zinazotoa maji mwilini, ukizimeza ukashinda bila kunywa unaweza kupata kizunguzungu ukaanguka, na una watoto. Na huo ukavu, uangalie. Kama ni kuomba tu ndio kuzito lakini unacheka, unakula, unalala, ni ukavu wa safari, utapita. Lakini kama imezidi wiki mbili hupati raha ya kitu chochote, usingizi umeondoka hata mtoto akiwa amelala, chakula hakishuki, unajiona huna thamani, nenda hospitali au kwa mshauri nasaha, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika. Na likija wazo la kujidhuru, usisubiri kesho, mwambie mtu aliye karibu na mwende siku hiyo hiyo. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji akamwacha alale, mara mbili, kabla ya neno lolote la kinabii.

Kwa zilizobaki ningekushauri kidogo sana. Chukua daftari la kawaida, kila jioni watoto wakishalala andika namba ya siku na mstari mmoja wa kitu ulichopokea leo, kimoja tu, hata kama ni homa imeshuka. Soma Yohana 20 na 21 vipande vidogo vidogo, alafu siku tisa za mwisho hamia Matendo 1. Sali ukiwa umesimama, ujaribu tu, utashangaa mwili unavyoielewa Pasaka kabla ya kichwa. Kuna watakaokwambia hiyo ni kidogo mno, na kwa mtu mwenye nafasi na nguvu kweli ni kidogo, aongeze. Wewe pishi yako ndio hiyo. Kama hata kuandika kutakuchosha, tamka namba tu kwa sauti uzime taa.

Na pale kwenye 12 usijaze kitu cha kubuni. Andika "mtoto aliumwa", uende 13.